Utamaduni wa Kazini Ukiharibika: Pa Kuangalia na Pa Kuanzia

Utamaduni wa kazini hausomwi kwenye tamko la maadili lililobandikwa mapokezi. Husomwa katika mambo mawili: nani hupandishwa cheo, na nini humpata mtu aliyeleta habari mbaya. Ukishayajua hayo kuhusu ofisi, kiwanda, hospitali au shule, umeshaijua sehemu hiyo kwa kiasi kikubwa. Mwongozo huu ni wa mwenye mamlaka kwanza, awe msimamizi wa zamu, mkuu wa idara, mkurugenzi au afisa rasilimali watu. Sehemu ya mwisho ni ya mfanyakazi asiye na cheo, maana yeye ndiye huliona tatizo mapema na hana uwezo wa kuliondoa peke yake.

Kazi ngumu si lazima iwe kazi mbaya

Kipindi cha kufunga hesabu za mwaka kinachosha, lakini kina tarehe ya kuisha, watu wanakijua mapema, na kikipita wanapumzika. Hali ni tofauti pale ambapo kila wiki ni ya dharura na hakuna anayeweza kutaja dharura hiyo itakwisha lini. Saa zenyewe zina madhara yanayopimika. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunaongeza hatari ya kupata kiharusi kwa takriban asilimia 35, na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo utokanao na mishipa kuziba kwa asilimia 17, ikilinganishwa na saa 35 hadi 40. Kwa hiyo anayejisifu kwamba timu yake hailali anasifia jambo linaloua watu.

Tenganisha pia bosi mmoja mkorofi na utamaduni. Angalia kinachotokea akiwa likizo ya wiki mbili au tatu. Kama vikao vinachangamka na watu wanaanza kuulizana maswali, tatizo limekaa kwake. Kama ameshahamishwa, ameletwa mwingine, na bado watu wanaogopa yale yale, basi chanzo ni malengo yanayowekwa, namna ya kupima kazi au namna ya kupandisha vyeo. Hata hivyo usimalizie kwa bosi huyo. Uliza nani alijua na akanyamaza. Mkorofi aliyevumiliwa miaka mitano ameshageuka kuwa utaratibu wa taasisi.

Kuhusu uchovu wa kazi, Shirika la Afya Duniani katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, ICD-11, linaueleza kwa sura tatu: kuishiwa nguvu, kuikinai kazi au kujitenga nayo kimawazo, na kushuka kwa utendaji. Linauita hali itokanayo na mkazo wa kazi usiodhibitiwa, haliuiti ugonjwa. Tofauti hiyo ina uzito. Ukimpeleka mtu kwa mshauri nasaha kisha ukamrudisha kwenye ratiba ile ile iliyomchosha, hujatibu kitu.

Soma kumbukumbu kabla ya kuuliza watu

Kusanya takwimu za miezi 12 iliyopita, kitengo kwa kitengo. Usijumlishe taasisi nzima, kwa sababu wastani huficha kidonda.

Anza na walioondoka. Gawanya idadi yao kwa wastani wa wafanyakazi wa kitengo, zidisha kwa 100. Kitengo chenye wastani wa watu 20 kilichopoteza 6 kina asilimia 30. Namba hiyo peke yake haisemi mengi, iweke kando ya vitengo vingine vya taasisi yako. Kisha angalia walikuwa wamekaa muda gani. Wakiondoka wengi kabla ya mwaka mmoja, chunguza ulichowaahidi siku ya usaili na namna walivyopokelewa. Wakiondoka waliokaa miaka mitano na zaidi, hao kwa kawaida wameshajaribu kurekebisha mambo wakakata tamaa, na wanaondoka na ujuzi ambao hutaurudisha kwa tangazo la kazi.

Halafu angalia likizo zisizochukuliwa. Mtu mwenye siku nyingi zilizolimbikizwa ama hana wa kumshikia kazi, ama anaogopa atakuta nini akirudi. Angalia ruhusa za ugonjwa za siku moja moja: zikijirundika kwenye zamu fulani au siku ya kikao fulani, umeshaonyeshwa mlango. Linganisha saa zilizoandikwa kwenye daftari la mahudhurio na saa ambazo watu wanatuma barua pepe au kutoka kwenye mfumo. Pengo kati ya hizo mbili ni muda wa ziada ambao haulipwi wala hauonekani.

Mwisho angalia malalamiko na taarifa za makosa. Hapa viongozi wengi hukosea kusoma. Kitengo cha watu 60 kisicho na lalamiko hata moja kwa mwaka mzima si kitengo chenye amani. Katika miaka ya 1990 mtafiti Amy Edmondson alichunguza makosa ya utoaji dawa katika timu za hospitali, akakuta timu zilizoongozwa vizuri zaidi ndizo zilizokuwa na makosa mengi kwenye kumbukumbu. Maelezo aliyoyafikia ni kwamba katika timu hizo watu waliweza kuyataja makosa, wakati kwingine yalifichwa. Ukimya kwenye daftari usikupe usingizi.

Kaa kikaoni, sikiliza

Hudhuria vikao vitatu vya kawaida vya kitengo bila kuviongoza. Andika nani amezungumza na kwa muda gani, nani amekatizwa, ni maswali mangapi ameulizwa mkubwa wa kikao, na ni mara ngapi mtu alisema “sijui” au “hapa nilikosea” bila kuchekwa. Kisha baki dakika kumi baada ya kikao kufungwa. Kama mazungumzo ya kweli yanaanzia kwenye korido au kwenye kundi la WhatsApp lisilo na bosi ndani, kikao rasmi kimekuwa mahali pa kuitikia tu.

Kuna kauli za kuzitegea sikio. “Hapa ndivyo tulivyozoea.” “Hilo usiliandike, nipigie simu.” “Mwambie wewe, mimi bado nina watoto wa kusomesha.” “Si kazi yangu hiyo.” Ya mwisho mara nyingi huchukuliwa kama uvivu, lakini chunguza: mtu aliyewahi kusaidia nje ya jukumu lake akaadhibiwa kazi ilipoharibika hawezi kurudia. Majungu nayo yana chanzo. Hustawi pale habari muhimu, kama vile nani anahamishwa au bajeti imekatwa wapi, zinapotolewa kwa marafiki wa bosi kwanza. Kukemea wambea hakusaidii kitu. Toa habari kwa wote siku moja, na umbea utakosa chakula.

Dodoso na mahojiano

Dodoso liwe fupi, maswali yasiyozidi kumi, kila moja likiwa kauli ambayo mtu anaikubali au kuikataa kwa alama 1 hadi 5. Kauli zitaje matendo. “Nimeridhika na kazi yangu” haikupi pa kushika. Hizi zinakupa:

- Nikigundua kosa langu, naweza kumwambia msimamizi siku hiyo hiyo bila hofu.
- Katika mwezi uliopita, nilijua kila wiki ni kazi ipi ya kwanza na ipi inaweza kusubiri.
- Sababu za watu kupandishwa cheo hapa zinaeleweka.
- Katika miezi mitatu iliyopita sijashuhudia mtu akitukanwa au kudhalilishwa kazini.
- Kazi niliyopewa inamalizika ndani ya saa za kazi.

Usiri ndipo madodoso mengi hufa. Usitoe matokeo ya kundi lenye majibu chini ya manane. Liunganishe na jingine. Usiulize umri, jinsia, idara na miaka ya kazi kwa pamoja, kwa sababu kwenye kitengo cha watu kumi na wawili majibu hayo manne yanamtaja mtu kwa jina. Usitumie fomu ya kujaza kwa mkono ikiwa msimamizi anaijua miandiko ya watu wake, wala kiungo kinachomtaka mtu aingie kwa anwani yake ya kazi. Maoni ya kuandika huru yasomwe na mtu wa nje ya kitengo, ayafupishe kabla ya kumfikia mkuu, kwa sababu namna mtu anavyoandika humfichua.

Baada ya dodoso fanya mahojiano ya dakika 45 na watu wanane hadi kumi na wawili wa ngazi tofauti. Wasisahaulike walinzi, wafanya usafi, madereva na wenye mikataba ya muda. Hao huona mengi, na namna wanavyosalimiwa inaeleza utamaduni kuliko ripoti nzima. Anayehoji asiwe kwenye mstari wao wa utawala. Maswali yanayofungua midomo ni kama haya: Mara ya mwisho mtu alipompinga bosi hapa, ilikuwaje? Mgeni akiajiriwa leo, ungemwonya nini? Kuna sheria gani hapa ambayo haijaandikwa popote?

Tafuta pia walioacha kazi miezi mitatu hadi sita iliyopita. Siku ya kuaga mtu husema anaenda kutafuta changamoto mpya, kwa sababu bado anahitaji barua ya utambulisho na malipo yake ya mwisho. Baadaye husema kweli.

Kabla ya kuuliza lolote, tangaza nani atasoma, matokeo yatatolewa lini na ni mambo gani huna uwezo wa kuyabadilisha. Rudisha matokeo ndani ya siku 14, hata yakiwa machungu, na hasa yakiwa machungu. Dodoso lisilojibiwa hudhuru kuliko kutokuuliza kabisa: watu hujifunza kwamba kusema hakuna faida, na la pili watalijaza kwa kukisia unachotaka kusikia.

Yasiyosubiri dodoso

Unyanyasaji wa kingono, kupigwa, vitisho, ubaguzi na kuzuiliwa mshahara havingoji utafiti wa utamaduni. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika 2021, unatambua haki ya kila mtu ya kufanya kazi bila ukatili na unyanyasaji. Unawagusa pia wanaojifunza kazi, wanaojitolea na wanaoomba ajira, pamoja na safari za kikazi na mawasiliano ya kikazi kwa simu au intaneti.

Hakikisha kuna njia angalau mbili za kupeleka lalamiko, na moja isipite kwa msimamizi wa mlalamikaji. Mlalamikaji apate maandishi ya kuthibitisha kupokelewa ndani ya siku mbili za kazi. Ikibidi kuwatenganisha watu wakati wa uchunguzi, usimhamishe aliyelalamika isipokuwa ameomba mwenyewe. Kumhamisha yeye huwafundisha wengine wote kunyamaza. Wachunguzi watoke nje ya kitengo, na ikiwa mlalamikiwa ni mkubwa wa taasisi, watoke nje ya taasisi. Shauri likiisha, kazi haijaisha. Kwa miezi sita fuatilia ratiba ya zamu, tathmini na majukumu ya aliyelalamika na ya mashahidi, kwa sababu kisasi hakiji kwa kelele. Huja kama zamu mbaya tatu mfululizo.

Chagua mawili tu

Ukishapata picha, utakuwa na orodha ya mambo kumi na tano. Chagua mawili, yape siku 90, yape mtu mmoja mmoja wa kuyasimamia kwa jina. Taasisi inayotangaza mageuzi kumi kwa pamoja huishia kwenye semina, fulana na bango. Moja kati ya mawili hayo liwe namna viongozi wanavyopokea habari mbaya, kwa sababu bila hilo hutajua kama mengine yanafanya kazi.

Usiku wa tarehe 27 Januari 1986, wahandisi wa kampuni ya Morton Thiokol walishauri chombo cha anga za juu cha Challenger kisirushwe, wakihofia kwamba baridi ingeharibu vizibo vya mpira kwenye roketi zake. Viongozi wao waliwapinga, wakatoa idhini. Kesho yake chombo kilisambaratika sekunde 73 baada ya kuruka, na watu saba walikufa. Taarifa zilikuwepo, na wajuzi walikuwepo. Kilichokosekana ni kikao ambamo neno la mjuzi lingeweza kusimamisha ratiba ya wakubwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini kwenye kazi mara nyingi mgonjwa ametaja maradhi na wakubwa ndio wamekataa kusikia.

Mwitikio unafundishika. Mtu akileta habari mbaya, maneno ya kwanza yawe: “Asante kwa kuniambia mapema. Nani yuko hatarini sasa hivi?” Kisha: “Unahitaji nini kutoka kwangu leo?” Swali la nani kafanya lisubiri. Ndani ya saa 48 mrudie aliyeleta habari umwambie umefanya nini, hata kama uamuzi ni kutofanya kitu, na umpe sababu. Sera ya “mlango wangu uko wazi” haitoshi, maana humwachia mdogo mzigo wa kuvuka kizingiti. Mkubwa ndiye atoke: dakika 30 za ana kwa ana na kila anayemsimamia kila baada ya wiki mbili, ajenda ianze na ya mfanyakazi, na kikao hicho kisiahirishwe mara mbili mfululizo.

Kwenye kikao cha timu, mwenye cheo kikubwa azungumze mwisho. Ni badiliko dogo lisilogharimu kitu, na huonekana ndani ya wiki chache. Akianza yeye, wanaofuata hupamba alichosema.

Kosa likitokea, fanya mapitio ndani ya siku tano za kazi, na kwanza uliamue ni la aina gani. Kuteleza, kama kusoma vibaya lebo zinazofanana, dawa yake ni kubadilisha lebo. Mazoea ya njia ya mkato, ambayo kila mtu anayafanya ili kufikia lengo, dawa yake ni kurekebisha lengo au utaratibu, kisha kuwafundisha watu. Uzembe wa makusudi, mtu akijua hatari na kuipuuza, ndio unaostahili nidhamu. Anayetoa onyo la maandishi kwa aina zote tatu atapata taasisi isiyo na makosa kwenye karatasi.

Mchapakazi anayeumiza wenzake

Kila taasisi ina mmoja: anauza kuliko wote, au anajua mashine kuliko wote, na anawatukana watu. Hapa ndipo utamaduni hupimwa, na hapa ndipo viongozi hushindwa wakiwa wanajua kabisa wanachofanya. Hesabu gharama yake yote, si mauzo yake tu: walioondoka chini yake, muda wa kuajiri na kufundisha wengine, kazi ambazo watu hawamletei tena kwa kumkwepa.

Zungumza naye faragha, kwa matendo na tarehe. “Una tabia mbaya” atalipinga. “Jumanne kikaoni ulimwita mwenzako mjinga mbele ya watu tisa” halipingiki. Mwambie kinachotakiwa, mpe siku 30, mwandikie, na mtaje matokeo: hatasimamia watu, hatapandishwa, au ataondoka. Muwe na kikao kila wiki katika siku hizo. Kosa la kawaida ni kumpa cheo cha juu zaidi ili “atulie”, au kumhamishia kitengo kingine kisichojua historia yake. Kama ujuzi wake hauna mbadala, anza leo kumfundisha mtu wa pili, kwa sababu taasisi inayoshikiliwa na mtu mmoja haiwezi kumwambia hapana.

Mzigo wa kazi

Andika kazi zote za kitengo kwenye ubao mmoja, kila moja na saa zake kwa wiki. Jumla ikizidi saa za watu waliopo, kuna njia tatu tu: kuacha kazi fulani, kusogeza tarehe, au kuongeza mikono. Kuhamasisha si njia ya nne. Kila kazi mpya inayoingia itajwe pamoja na inayotoka.

Ujumbe baada ya saa za kazi uwekewe kanuni iliyoandikwa. Ufaransa ina sheria tangu tarehe 1 Januari 2017 inayozitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 na zaidi kujadiliana na wawakilishi wao kuhusu haki ya kutopatikana nje ya kazi. Hata pasipo sheria, unaweza kuamua: dharura kwa simu, mengine yote kesho asubuhi, na bosi anayeandika usiku apange ujumbe utoke saa mbili asubuhi. Bosi akivunja kanuni hiyo mara mbili, imekufa.

Kupima kama kuna mabadiliko

Baada ya siku 90 rudia kauli zile tatu au nne zinazohusu mambo uliyoyachagua, kwa maneno yale yale. Tarajia malalamiko na taarifa za makosa ziongezeke kwanza. Wengi huogopa hapo na kurudi nyuma, kumbe ni dalili kwamba watu wameanza kukuamini. Zikiendelea kupanda baada ya mwaka kwa jambo lile lile, basi unasikiliza bila kutengeneza. Namba ya watu wanaoondoka hubadilika taratibu, usiipime kwa robo mwaka.

Kama huna cheo

Weka kumbukumbu zako, nje ya kifaa cha kazi: tarehe, saa, mahali, maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa, nani alikuwepo, ulifanya nini. Andika siku hiyo hiyo. Acha hisia na tafsiri. “Alinionea wivu” haina nguvu, “alifuta jina langu kwenye ripoti, saa nne asubuhi, mbele ya mhasibu” inayo. Maagizo ya mdomo yenye utata yageuze maandishi kwa upole: “Mkuu, nathibitisha maelekezo ya leo kwamba tusubiri vipimo hadi Ijumaa. Kama sijaelewa sawa, naomba unirekebishe.”

Usiende peke yako ikiwa tatizo linawagusa wengi. Watatu wakisema jambo moja, haligeuzwi kuwa tabia ya mtu mmoja. Kama kuna chama cha wafanyakazi, mwone mwakilishi kabla ya kuandika barua rasmi, kwa sababu taratibu za malalamiko huwa na muda wa kikomo, na ukipita huwa vigumu kusikilizwa.

Jiwekee tarehe. Kama umeeleza kwa maandishi, ukafuata ngazi, na miezi mitatu imepita bila kitu kubadilika, tafuta kazi nyingine ukiwa bado na mshahara. Usingizi ukikata, kifua kikabana kila unapokaribia kazini, muone daktari sasa, na umwambie kazi inahusika. Utakapoandika barua ya kuacha kazi iwe ya mistari mitano, bila lawama. Omba kwa maandishi idadi ya siku zako za likizo zilizobaki, hesabu ya malipo ya mwisho na cheti cha utumishi, na usichukue nyaraka za mwajiri, hata zile unazoona zinakutetea, kabla ya kupata ushauri wa kisheria.